Gari iliyochezewa injini, Kitonga mbele: kuiandaa kwa safari ya Dar, Mbeya hadi Kyela

Subaru Impreza WRX, Forester ya turbo, Altezza, Mark II yenye injini ya 1JZ, Lancer Evolution: Dar zimejaa, na chache zimebaki kama zilivyoshuka bandarini. Eksozi imepanuliwa, busti (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini) imepandishwa, koilova (springi na shokomzoba za kurekebisha urefu) zimefungwa, rimu zimefika inchi 18. Mjini zinapendeza. Zinavuta sekunde kumi, zinapumzika kwenye taa inayofuata, zinavuta tena. Shida huanza mwenye nayo akisema twende Mbeya, kilomita 830 hivi kwa barabara kuu ya TANZAM, na tukifika tuishushe hadi Kyela.

Karibu kila kinachoharibika njia hii huharibika kwa joto, na joto lenyewe haliletwi na mwendo mkali. Linaletwa na kilomita 12 kwa saa nyuma ya semi la mafuta linalokwenda Tunduma, gia ya kwanza, jua la saa saba, upepo hakuna. Gari iliyojengwa kuvuta sekunde kumi haina jibu kwa dakika arobaini za namna hiyo. Ndiyo maana ushauri mwingi hapa chini ni wa kupunguza: busti, ugumu wa springi, uzito, haraka. Anayetafuta orodha ya vifaa vya kuongeza nguvu atasikitika.

Njia ilivyo

Dar hadi Morogoro, kilomita 190 na ushee, ni tambarare yenye malori, mizani na vibao vya 50. Kinachochosha hapo ni trafiki wenye tochi za kupima mwendo. Baada ya Morogoro barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50: mwendo wa mwisho 70 mchana na 50 usiku, matuta yapo, na faini ya kugonga mnyama inategemea ni mnyama gani. Ukitoka mji wa Mikumi unateremkia bonde la mibuyu kandokando ya Ruaha Mkuu, sehemu yenye joto kuliko zote, unapita Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, na kisha unapanda mlima Kitonga wenye kona nyingi. Juu yake ni Ilula na nyanya zake, halafu Iringa, mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari.

Kutoka Iringa kupitia Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala hadi Uyole ni nyanda za juu. Hewa ni baridi, gari inapumua vizuri kwa joto na vibaya kwa wembamba wa hewa, na miteremko hujitokeza ghafla, kama ule wa Inyala ambao malori yameumizana mara nyingi. Uyole unakata kushoto kwenda Tukuyu. Unapanda tena hadi Isongole kwenye ukungu, unateremka kupitia Kiwira na Tukuyu katikati ya migomba na mashamba ya chai, mpaka Kyela iliyo karibu na Ziwa Nyasa, takriban mita 500 tu. Kwa siku mbili gari imetoka pwani hadi zaidi ya mita 2,000 na kurudi bondeni.

Hewa nyembamba na turbo

Usawa wa bahari hewa ina presha ya takriban kilopaskali 101. Iringa na Mbeya ni kama 82 hadi 84. Ukienda kutembea barabara ya Mbeya–Chunya, pale Kawetire juu ya mita 2,300, ni kama 76.

Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Altezza RS200 ya gia za mkono iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 210 inakuwa na 175 hivi ikifika Mbeya, na Kawetire inakaribia 160. Usimlaumu fundi, wala usibadilishe plagi njiani. Mafuta yanajirekebisha yenyewe kwa sababu kompyuta inahesabu hewa iliyoingia kweli. Wewe tumia gia ya chini zaidi na uvumilie.

Turbo ina hadithi ngumu kidogo. Kama busti yako inaongozwa na kidhibiti cha kukaza kwa mkono, kinachopimwa ni tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Ukiweka bar 1.0 Dar, turbo inakandamiza hewa mara 2.0. Bar 1.0 hiyohiyo Mbeya ni mara 2.2, kwa kuwa inaanzia hewa nyembamba. Na kama programu ya kompyuta imewekwa ilenge presha kamili (bila kutoa ile ya hewa ya nje) ileile ya Dar, uwiano unafika karibu 2.45. Turbo inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka ikiwa na joto zaidi: hesabu ya kawaida, kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 65 hadi 70, inatoa takriban nyuzi 125 kabla ya intakula (kipoza hewa ya turbo) ukiwa Dar na nyuzi 150 ukiwa Mbeya, ingawa Mbeya nje ni baridi. Turbo ya TD04 iliyo kwenye Forester nyingi tayari iko ukingoni kwenye bar 1.0. Kuisukuma milimani ni kupuliza moto.

Halafu kuna petroli. Gari za turbo za soko la Japani zilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kule huuzwa ikiwa na oktani 96 na kuendelea, mara nyingi karibu 100. Ya sheli zetu haifiki huko. Joto la hewa likipanda na oktani ikiwa ndogo, injini inagonga (mchanganyiko wa petroli unalipuka wenyewe), na kwenye EJ20, injini ya Subaru hizi, kinachoumia kwanza ni kingo za pistoni zinazoshika ringi, mara nyingi silinda ya nne. Dalili ni oili kuliwa haraka, moshi wa buluu, na mvuke mwingi wa oili kwenye bomba la kupumulia.

Kwa hiyo kabla ya safari mwambie anayekutyunia akuandalie programu ya pili: busti 0.7 hadi 0.8, cheche ya plagi icheleweshwe nyuzi 2 au 3 za mzunguko pale joto la hewa inayoingia likivuka nyuzi 50, mchanganyiko uwe mzito kidogo ukikanyaga. Mwenye kidhibiti cha mkono akilegeze hadi hapo mwenyewe. Plagi za NGK namba 7 badala ya 6 (namba kubwa ni plagi baridi zaidi), pengo 0.7 mm. Utapoteza nguvu ambazo nyuma ya semi hukuwa na mahali pa kuzitumia.

Hosi za intakula nazo. Hosi ikichomoka katikati ya mlima, gari inatoa moshi mweusi na kuzimika ukiachia mafuta, kwa sababu kompyuta imehesabu hewa iliyovujia nje na kumwaga petroli ya hewa hiyo. Wengi wanadhani turbo imekufa. Toa hosi zote nyumbani, futa oili ndani yake na kwenye bomba kwa spirti, nyunyiza spreyi ya nywele kidogo kwenye bomba, rudisha, funga kwa klipu za boliti, siyo zile za bisibisi za bei rahisi. Spreyi ya nywele inachekesha lakini inashika.

Maji, mfuniko na feni

Hapa ndipo safari nyingi zinapokatika, na mara nyingi kwa kifaa cha bei ndogo kuliko vyote.

Maji yaliyo wazi huchemka nyuzi 100 Dar na kama 94 Mbeya. Kinachoyazuia ni mfuniko. Mfuniko mzima wa bar 1.1 unasogeza kuchemka hadi karibu nyuzi 119 hata ukiwa Mbeya. Mfuniko uliochoka, unaoachia kwenye 0.4, unakuacha na 105 tu, na maji yanayopita kwenye hedi (kichwa cha injini) upande wa valvu za eksozi hufika huko mapema kabla ya geji kusema lolote. Yanachemka hapo, mvuke unasukuma maji nje, na mwenye gari anaanza kutafuta rejeta iliyotoboka ambayo haipo. Kununua mfuniko mpya kabla ya safari ni jambo la kwanza ningelifanya hata kama pesa iliyobaki ni ya petroli pekee.

EJ ya turbo ina mifuniko miwili. Unaotawala presha ni ule wa tangi dogo la chuma lililo juu, karibu na turbo, na si wa rejeta. Mafundi huichanganya wakati wa kuosha. Kujaza maji pia hufanyika kupitia tangi hilo la juu: inua mbele ya gari, fungua skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta, mimina polepole, minya hosi ya juu kwa mkono mpaka viputo viishe, washa, hita wazi hadi mwisho, subiri feni ziwake na kuzima mara mbili, kisha jaza tena ikipoa. Hewa ikibaki ndani, geji inaruka juu na kushuka bila mpangilio ukianza kupanda.

Tumia kulanti nusu na maji safi yasiyo na chumvi nusu. Injini nzima inameza lita 7 hadi 8. Maji ya mtoni na ya bomba la chumvi yanaziba vijia vya rejeta. Beba lita 5 za mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa.

Feni mbili zote ziwake. Zijaribu kwa kuwasha AC gari ikiwa imesimama. Kama moja ni kimya, anza na fyuzi na rilei kabla ya kununua mota. Funga pia bati au sponji kuziba nafasi kati ya rejeta na bampa, maana gari zilizowekewa bampa kubwa la mapambo hupitisha hewa pembeni ya rejeta badala ya katikati yake.

Geji ya dashibodi usiiamini: sindano hukaa katikati katika upana mkubwa wa joto, ikianza kusogea umechelewa. Nunua kisomeo cha OBD, kinachochomekwa kwenye kompyuta ya gari na kuonyesha nambari kwenye simu. Nyuzi 85 hadi 95 ni kawaida. Ikifika 100 zima AC, ikifika 105 tafuta pa kuegesha.

Intakula ya juu ya injini, ile yenye tundu kwenye boneti, haipozi kitu gari ikienda kilomita 12 kwa saa. Joto la injini linapanda moja kwa moja ndani yake. Ukiona nafasi ya kuovateki baada ya dakika ishirini za kutambaa, usikanyage mpaka chini: hewa inayoingia inaweza kuwa juu ya nyuzi 70, na hapo ndipo injini inagonga. Nusu ya mafuta inatosha, mpaka upepo upite kwenye boneti dakika moja au mbili.

Ikianza kuchemsha, egesha mahali palipo wazi, weka pembetatu mbali nyuma. Kama hakuna mvuke na maji hayajamwagika, acha injini iendelee rpm 1,500, hita na feni yake hadi mwisho. Nambari zikishuka, vizuri. Zikipanda au mvuke ukitoka, zima papo hapo. Subiri dakika 45. Usifungue mfuniko mpaka hosi ya juu iminyike kwa vidole, na usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, hedi itapinda. Kama baada ya kujaza hosi inakuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha injini iliyopoa, au viputo vinaendelea kutoka kwenye tangi, gasketi ya hedi imekwenda na safari imeishia hapo. Tafuta lori la kubeba.

Oili

Sintetiki kamili 5W-40 kwa EJ, lita 4 hadi 4.5, ibadilishwe kilomita 300 hadi 500 kabla ya kuondoka ili kama fundi hakukaza boliti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ijulikane mjini. Beba lita 2. Pima kila unapojaza petroli, mahali tambarare, baada ya dakika 5 za kuzima. Kona ndefu husogeza oili pembeni mwa sampu, na bomba la kunyonya likivuta hewa sekunde mbili, beringi za krenkishafti hazisamehi. Kaa kwenye alama ya juu ya kijiti wakati wote. EJ za turbo zina udhaifu mwingine: bomba hilo la kunyonyea hupasuka kwenye mchomeleo. Ukifungua sampu kwa sababu nyingine yoyote, litazame kwa tochi.

Kichujio kidogo kilicho ndani ya boliti ya mrija wa oili wa turbo huziba kwa masizi na kuinyima turbo oili. Kisafishe au ubadilishe kabla ya kwenda. Kama una geji ya oili: joto 90 hadi 110 ni sawa, 120 punguza, 130 simama. Presha isiwe chini ya bar 1 ikisinzia moto, na isipungue bar 3 kwenye rpm 3,000.

Matairi, koilova na matuta

Rimu ya inchi 18 na tairi jembamba inapendeza kwenye picha. Njiani, mashimo yaliyofichwa kwenye kivuli cha lori yataipinda. Inchi 17 na 215/45 au 225/45 ni bora. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kina kizuri lakini umri wa miaka minane hupasuka kwa joto la Ruaha, si kwa mawe.

Kwa upepo, jambo moja huwachanganya watu. Jaza psi 33 Dar nyuzi 32. Asubuhi ya Mbeya, nyuzi 14, geji itasoma 33 ileile: baridi imeshusha psi tatu hivi, hewa nyembamba ya nje imerudisha psi tatu hivi. Usiguse. Baada ya Kitonga itasoma 38 hadi 40 kwa joto, na hapo pia usipunguze.

Gari za magurudumu manne yanayovuta zinataka matairi manne yanayolingana. Subaru inaruhusu tofauti ya mzingo isiyozidi milimita 6 hivi. Ukifunga mawili mapya mbele na kuacha ya nyuma yaliyoisha, difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inasuguana bila kupumzika kilomita 830, inachemka na kufa. Kwa sababu hiyo beba spea ya ukubwa uleule, achana na lile tairi dogo la manjano. Nati kaza kwa spana ya kupimia, Nm 100, na uzikaze tena baada ya kilomita 100.

Koilova zipandishe milimita 15 hadi 20 juu ya urefu wako wa mjini, pande zote kwa kiasi kilekile, na chini ya kinga ya sampu ibaki angalau milimita 130. Matuta ya vijijini hayakujengwa kwa viwango vya bampa lako. Ukipanda tuta, pita kwa mshazari, tairi moja baada ya jingine, gari ikiwa imeachiwa breki ili pua iinuke. Springi za kilo 5 au 6 kwa milimita zinatosha. Za 10 zinafanya tairi lirukeruke kwenye lami iliyokunjwa na malori, na tairi lililo hewani halina breki. Baada ya kubadili urefu fanya wili alaimenti: mwinamo wa tairi za mbele kuingia ndani nyuzi 1.5, nyuma nyuzi 1. Walioweka nyuzi 3 kwa ajili ya muonekano watarudi na nyaya zimetokeza upande wa ndani.

Klachi ya vipande vya seramiki haina subira. Haiwezi kutelezeshwa kidogo kidogo nyuma ya lori. Acha pengo la mita 40, achia klachi yote, tembea gia ya kwanza, likikuacha lifuate, ukilikaribia ngoja. Pengo hilo pia linakuepusha na moshi na hewa moto ya lori kuingia kwenye rejeta yako, na na mzigo wake ukirudi nyuma.

Saa za kuondoka na lugha ya barabara

Wengi wanatoka Dar saa kumi alfajiri na kufika Kitonga kati ya saa tano na saa saba mchana, yaani wanaleta gari moto mlimani wakati wa moto. Ninapendelea kulala Mikumi mjini na kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Bonde la Ruaha unalipita kukiwa na nyuzi ishirini na kitu badala ya 35, na Kitonga unaipanda kabla malori yaliyolala Ruaha Mbuyuni hayajatapakaa yote. Badiliko hili halina gharama ya kifaa chochote na linazidi rejeta mpya.

Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto anakuambia pita. Ya kulia, usipite. Ni heshima ya barabarani, lakini macho ni yako na kona za Kitonga hazionyeshi kitu. Matawi yaliyotandazwa kwenye lami maana yake kuna gari limeharibika mbele, mara nyingi katikati ya kona. Baada ya hapo tazama mawe yaliyowekewa magurudumu kama kizuizi na kuachwa barabarani: sampu nyingi hupasukia kwenye mawe hayo, lori lenyewe likiwa limeshaondoka siku nyingi.

Mkiwa gari kadhaa, tatu hadi tano zinatosha, gari dhaifu iwe ya pili, si ya mwisho, ili ikipunguza mwendo aliye nyuma aione. Jazeni petroli Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya kwenye sheli zenye wateja wengi. Tangi la Impreza ni lita 60, na ukipanda kwa busti hesabu kilomita 6 kwa lita.

Kwenye karatasi: kama injini imebadilishwa, namba yake ilingane na kadi ya gari, mabadiliko hayo hufanyika TRA. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu viwepo. Mwenye bima kubwa aieleze kampuni yake kuhusu turbo na busti kwa maandishi kabla, maana swali hilo litaulizwa baada ya ajali.

Kuanzia Uyole hadi Tukuyu mvua ni nyingi, Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua kubwa zaidi nchini, na ukungu wa Isongole unafunga hata mchana. Taa nyeupe zenye ubuluu zinarudisha ukuta mweupe usoni. Taa za ukungu za njano zilizofungwa chini zinasaidia. Tairi lenye kina chini ya milimita 3 litaelea kwenye maji ya kona za Kiwira. Na usishawishiwe na ile barabara ya Chimala kwenda Matamba yenye kona 57. Ni nzuri kuliko zote, na ni ya gari ndefu kwenda juu.

Kurudi: breki

Kitonga ya kupanda inapima maji. Kitonga ya kushuka inapima breki, na unaifikia mwishoni mwa safari, pedi zikiwa zimeshaliwa na Inyala na Tukuyu. Basi kagua Iringa, si Dar tu. Pedi ziwe na angalau milimita 7 ukiondoka Dar na 5 ukiondoka Iringa kurudi. Diski ina kipimo cha mwisho kilichogongwa ukingoni: za WRX za milimita 294 ni unene wa 24 zikiwa mpya na mwisho 22, za Brembo za WRX STI ni 30 na 28.

Gari ya kilo 1,500 na abiria wake ikishuka mita 700 inatoa megajuli 10 hivi, zinazotosha kuchemsha ndoo ya maji ya lita 30. Joto hilo linaenda ama kwenye injini na upepo, ama kwenye diski zako. Gunia la viazi la kilo 100 la Njombe linaongeza kwenye hesabu hiyo, linashusha nyuma sentimita moja au mbili na kuinua taa machoni mwa wenzako. Viazi vizuri, lakini viwe nusu gunia.

Mafuta ya breki ya DOT 4 mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kuanzia 155. Hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo ya miaka miwili tayari yako karibu na namba ya chini. Badilisha yote kabla ya safari: lita 1 ya DOT 4 au 5.1, ukianza na gurudumu fundi anaposema kwa gari yako, mpaka yatoke safi bila kiputo. Pedi za mbio halisi ziache nyumbani, asubuhi ya baridi ya Makambako haziumi kitu. Chukua za barabara kali zinazofanya kazi kuanzia baridi hadi nyuzi 500.

Ingia mteremkoni ukiwa tayari kwenye gia ya pili, rpm 3,000, kilomita 40 hadi 45 kwa saa. Gari ya otomatiki iweke kwenye 2. Kanyaga kwa nguvu sekunde tatu ushuke hadi 30, achia kabisa, acha ipande hadi 45, rudia. Kukalia pedali kidogokidogo mteremko mzima ndiko kunakochoma. Pedali ikiwa ngumu lakini gari haisimami, pedi zimezidiwa: shuka gia, simama ukipata nafasi, ngoja nusu saa. Pedali ikienda hadi chini, mafuta yamechemka: pampu haraka mara kadhaa, gia ya kwanza, breki ya mkono kwa kuivuta taratibu kitufe kikiwa kimebonyezwa, na uegemeze gari upande wa mlima mapema, kabla haijapata mwendo.

Ukifika tambarare endelea kilomita tano bila kugusa breki ili upepo upoze diski. Ukisimama Ruaha Mbuyuni kwa ajili ya vitunguu, usivute breki ya mkono wala kukanyagia pedali zikiwa moto: pedi huacha alama kwenye diski, na usukani utatetemeka hadi Dar. Weka gia ya kwanza, na jiwe chini ya tairi. Ukiondoka, jiwe hilo litoe barabarani.